Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Tanga, tukikushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mada yetu mwaka huu ni matumizi ya nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno, katika seli za mafuta, yaani vifaa vinavyozalisha umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni pasipo moto, na mabaki yake yakawa maji.

Mheshimiwa, seli hizi si ngeni, kwani William Grove alizieleza tangu mwaka 1839. Kinachozikwamisha zaidi ni platinamu, madini ya bei kubwa yanayoharakisha oksijeni kugeuka maji, hatua ambayo ikiachwa yenyewe huenda polepole mno. Kwa kawaida chembe za platinamu hupachikwa juu ya masizi. Lakini masizi huliwa kidogo kidogo seli inapofanya kazi, chembe zikahama na kushikamana, na nguvu ya seli ikashuka.

Nanotyubu ni mirija ya kaboni yenye kipenyo cha nanomita chache (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita), iliyopata umaarufu baada ya Sumio Iijima wa Japani kuieleza mwaka 1991. Hupitisha umeme vizuri na hustahimili kuliwa kuliko masizi. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai nchini Marekani lilionesha kwamba mirija iliyotiwa nitrojeni huharakisha oksijeni kugeuka maji bila platinamu, ndani ya alkali, yaani kinyume cha asidi. Tunasisitiza alkali, kwa sababu seli za magari nyingi hutumia utando wenye asidi, na humo platinamu bado haijapata mpinzani wa kweli.

Mezani pako pana glasi ya maji ya magadi soda yenye vijiti viwili vya grafiti, tulivyovitoa kwenye kalamu za risasi. Tukipitisha umeme wa betri, viputo vya haidrojeni na oksijeni huvivaa vijiti. Tukiiondoa betri na kuunganisha mita ya umeme, gesi hizo hutoa umeme kama katika seli ya mafuta: mshale wa mita hupanda, kisha hurudi sifuri upesi. Grafiti ni kaboni pia, ila haina mpangilio wa mirija wala nitrojeni.

Mheshimiwa, mita hiyo tumeiazima. Tunaomba mita mbili, waya za nikeli za kujaribia kichocheo (kiharakishi) cha bei nafuu badala ya platinamu, na utuunganishe na maabara ya chuo kikuu yenye hadubini ya elektroni, maana hadubini yetu haiwezi kuionesha mirija hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.