Msimfungie chumbani

Shela, Malindi

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara mbili, kisha nikaificha chini ya mto mama asiione kabla sijakujibu. Unasema nduguyo amezidi, na nyumbani mmekubaliana kumfungia chumba cha juu wiki nzima mpaka pombe imtoke. Nakuomba kwa jina la Mungu, msifanye hivyo. Sisi tulifanya.

Unamkumbuka mjomba wangu, yule wa mashua. Miaka mingi tulijipa moyo kwamba anakunywa mnazi tu, na mnazi si pombe. Kweli, ukigemwa asubuhi ni mtamu hata mtoto angeutaka, lakini jioni umeshachacha wenyewe, umekuwa kileo kamili. Tukawa tunahesabu chupa zake, tunasema fulani anamshinda. Baadaye akawa anakunywa nyingi na halewi, mama akaona afadhali. Kumbe ile ilikuwa dalili: mwili umeshazoea, unataka zaidi ndipo usikie kile ulichokuwa ukisikia kwa kidogo.

Ramadhani ndiyo iliyotufumbua macho. Zamani mjomba alikuwa akiacha toka Shaabani, anafunga, anaswali tarawehe na wenzake, Idi ikipita anarudia yake. Mwaka ule, siku ya kwanza tu, adhuhuri haijafika mikono ilikuwa inamtetemeka hata vifungo vya kanzu vinamshinda. Jasho linamtiririka, kila mtu anamkera. Tukadhani malaria. Akatoka kidogo, akarudi ametulia, anatafuna karafuu.

Mwanaisha, utulivu ule ndio wa kuutazama. Mlevi wa starehe asubuhi huumwa kichwa, harufu ya pombe yenyewe haitaki. Aliyekwisha kushikwa hunywa asubuhi ndipo awe mzima. Mengine tuliyaona pia: chupa ya maji ya dukani imejaa mnazi nyuma ya birika la chooni, madeni, safari za baharini alizokosa, viapo vya "kesho naacha". Lakini hayo mtu huweza kuyatafutia sababu. Mikono ya asubuhi, ukishajua ni mtu wa pombe, ni vigumu kuitafutia sababu nyingine.

Basi tukamfungia. Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Usiku wa pili akaanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, naye hakuwahi kuwa nacho. Siku ya tatu anaona siafu ukutani, anazungumza na baba yake aliyekufa zamani. Tukasema ni mapepo, tukamwita mtu wa kumsomea. Kusomewa si kubaya, nami nilikuwepo nikiitikia amina, lakini saa zile alihitaji daktari. Hospitali walitueleza kwamba ubongo uliozoea pombe ukinyimwa ghafla huchafuka, na hatari yenyewe ni siku hizo chache za mwanzo. Wako wanaokufa. Wakampa dawa za kumtuliza wakizipunguza siku hadi siku, pamoja na sindano za vitamini B1, kwa sababu mwili wa mnywaji huishiwa nayo. Tungechelewa usiku mmoja zaidi sijui ningekuandikia nini leo.

Alipopata nafuu daktari alimuuliza maswali manne, nami nimekaa kando ya kitanda. Umewahi kuona inafaa upunguze? Watu wakikusema kwa kunywa, hukasirika? Umewahi kujiona mkosa kwa ajili ya pombe? Hunywa asubuhi ili mwili utulie? Akasema "ndiyo" mbili zinatosha mtu achunguzwe zaidi. Mjomba alijibu ndiyo zote nne, na ya mwisho aliisema akilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya maziko ya bibi.

Aliacha, akarudia, akaacha, akarudia tena. Sasa ni mwaka wa tatu hajaonja. Ilimsaidia sana kwamba tuliacha kumwita mlevi na tukaanza kumwita mgonjwa, na dozi zake tukawa tunamkumbusha kama za presha.

Kwa hiyo usimuulize nduguyo anakunywa kiasi gani. Atakudanganya, na pengine mwenyewe hajui. Kama anatetemeka, msimnyime ghafla na msimfungie; mpelekeni hospitali, aache akiwa mikononi mwa wanaojua. Kuna pia simu ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo, waweza kupiga wewe mwenyewe bila yeye. Najua mtaa wenu, najua habari zinavyotembea barazani. Aibu hiyo tutaibeba pamoja.

Alhamisi napanda basi la asubuhi hadi Mokowe, penye gati la kuvukia Lamu, nivuke nije nikae nanyi siku kadhaa. Kabla sijafika, kesho alfajiri mpelekee chai mwenyewe, umtazame mikono anapokipokea kikombe, kisha unipigie uniambie.

Wako,
Zuhura