Ahsante, dada muuguzi wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu

Hukutaka jina litajwe, basi hatulitaji. Umetufumbua macho sisi wazee wa kanisa hapa Unguja: dawa ya sonona (maradhi ya huzuni nzito) huchukua wiki 2 hadi 6 kuleta nafuu. Wengi huiacha wiki ya kwanza, kinywa kikavu, usingizi mzito, kisha lawama inaangukia imani yao. (Eliya alipotamani kufa, malaika alianza kwa mkate na maji, 1 Wafalme 19.) Wengine huacha ghafla wakishapata nafuu, maradhi yakarudi. Na la Kwaresima, hilo hatukulijua: anayetumia lithiamu (dawa ya maradhi ya hisia kupanda na kushuka mno) akikaa bila maji, dawa hurundikana mwilini ikawa sumu. Amwone daktari kabla ya kufunga. Maombi tunaendelea nayo, vidonge vikimezwa. Karibu tena Jumapili, chai ipo.