Maandalizi ya safari ya Dar hadi Mbeya

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi ijayo tunaondoka, magari saba, Peugeot 504 tatu kati yake. Ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo tusidanganywe na gari linalozunguka mjini bila shida.

Hofu yangu kubwa ni Kitonga, ule mlima mkali wa barabarani kabla ya Iringa. Tukipanda, injini itachemka kama rejeta ina kutu ndani. Mwambieni fundi aifungue aisafishe, na mipira yake ibonyezwe: ukiona nyufa, badilisha. Tukirudi, tutateremka kwa gia ndogo. Mafuta ya breki ya zamani huwa yamenyonya unyevu, yakipata moto yanachemka na pedali inazama hadi chini. Tafadhali wekeni mapya, hili nalisisitiza kwa kila mmoja.

Tairi lisikuhadae kwa kashata (meno yake) nzuri. Angalia tarakimu nne ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Akiba: mkanda wa feni, platini na kondensa (vifaa vya kuwashia cheche za injini), maji. Mikumi tunapita mchana, mwendo wa pole, wanyama wanavuka.

Ijumaa saa kumi tukague magari yote pamoja. Mama Asha, chai tunakutegemea wewe.