Barua kwa mwanangu anayekwenda Goma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, nyanyako mzima, ila magoti ndiyo yanayomsumbua. Tangu uliponipigia simu Jumapili kuniambia Alhamisi wapanda ndege kwenda Kigali, kisha ushike njia ya Gisenyi uvuke mpaka uingie Goma, sijapata usingizi wa maana. Redio siizimi. Mji ule uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, nawe waniambia, "Mambo yametulia, mama." Kama yametulia, wataka kupiga picha za nini?

Sikukatazi. Nataka jambo moja tu: utoe jicho kwenye kamera. Ukichungulia mle kitunduni, kila kitu chaonekana kiko mbali, hata kikiwa hatua tano. Mwenye bunduki huwa umbo tu lililokaa vizuri kwenye mwanga. Toa jicho, tazama kushoto, tazama kulia, tazama na nyuma, ndipo upige.

Jibu lako kila siku ni Mohamed Amin, yule mpiga picha wa Kenya. Namjua, mwanangu, nilikuwa msichana zilipotoka picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Mkono wake aliupoteza Addis Ababa 1991, ghala la silaha lilipolipuka, na akarudi kazini na mkono wa bandia. Hapo ndipo wewe husimulia mpaka sauti yapanda. John Mathai, mshika sauti wake aliyekufa katika mlipuko ule ule, humtaji. Mimi humfikiria yeye kwanza.

Picha zako za feri ya Likoni nimemwonyesha kila aliyekuja dukani. Yule mzee aliyeegemea baiskeli, ulimngoja mpaka akasahau kama upo. Hilo sikukufundisha mimi. Kazi yangu ni ya ndani: picha za kupamba bibi harusi, wanawake peke yao, simu zimekusanywa mlangoni, picha namkabidhi bibi harusi mkononi mwake. Na kamera yangu haijavuka Lamu. Lakini una haraka, baba. Wapiga kabla hujaamkia. Kiswahili cha Goma si chetu, ila mtaelewana. Muulize kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, jina lake kabla hujapiga picha chukudu yake. Na ukiwa waongea naye, jicho litakuwa nje ya kamera.

Juzi nilifungua lile bati la biskuti. Harufu ya siki ikanipiga usoni. Negativu zinakufa, nyingine zimegandana kwa unyevu wa huku kwetu. Nikazishika moja moja dirishani. Siku ile ya mwembe waijua, sina haja ya kukueleza. Wewe wadhani picha ni moja, ile ya ukutani. Ziko tatu. Nambari za ukingoni mwa filamu zafuatana: 17, 18, 19. Kamera ile ilikuwa ya kuvuta filamu kwa kidole gumba kila ukishapiga, na lenzi ya kuzungusha kwa mkono. Zote tatu zimetoka wazi kabisa, hata machozi yaonekana, na katika ya mwisho umeninyooshea mikono. Nimezitia kwenye bahasha ya peke yake. Mengine ya siku hiyo siyakumbuki, wala jinsi nilivyokuinua siikumbuki. Nakumbuka mwanga tu, ule wa saa kumi.

Basi nakuomba, toa jicho kwenye kamera.

Kifurushi nimempa dereva wa basi la usiku. Mna achari ya embe, soksi, na vile vijifuko vya kukausha unyevu. Nimevikusanya kwenye maboksi ya viatu mwaka mzima. Vitie ndani ya begi la kamera, usivitupe. Mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nimelipa nusu. Bibi harusi wa mwezi jana hajamaliza deni, nami naona haya kumdai. Bati la paa juu ya kabati linavuja tena. Fundi amekuja, amelitazama, amekunywa chai, ameondoka.

Ukifika Gisenyi nipigie kabla hujavuka. Ukivuka nipigie tena, hata kama ni usiku.

Na ufunguo wa kabati la juu, umeondoka nao? Nautafuta tangu Jumanne.

Mamako