Potashi ya minazi yako

Mombasa

Bakari swahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kwa nini potashi, yaani mbolea ya potasiamu, inazungumziwa siku hizi kama mafuta ya petroli, na kama inamhusu mtu wa minazi. Inamhusu, tena sana.

Nitrojeni ya mbolea viwanda huitoa hewani. Potashi ni chumvi ya kuchimbwa, au ya kukaushwa juani kama wafanyavyo Israeli na Jordan kwenye Bahari ya Chumvi. Soko limeshikwa na Kanada, Urusi na Belarusi. Mwaka 2022 Lithuania ilipoifungia Belarusi njia ya bandari ya Klaipėda, kisha vita vya Ukraine vikazuka, bei ilipaa dunia nzima. Marekani imeiingiza kwenye orodha yake ya madini nyeti mwaka 2025. Sisi hatuna mgodi, twategemea meli.

Sera yetu ya ruzuku ya mbolea ndiyo inayonitia wasiwasi. Mbolea za DAP na CAN, ambazo kila mkulima anazijua, hazina potashi hata chembe. Gunia la kilo 50 la NPK 17-17-17, mbolea mchanganyiko ya nitrojeni, fosforasi na potashi, lina kilo 8.5 za potashi; la MOP (kloridi ya potasiamu) ya asilimia 60 lina kilo 30. Ruzuku ikihesabiwa kwa magunia bila kuangalia kilichomo ndani, Pwani tutabaki na minazi yenye njaa.

Tazama makuti ya chini. Ukiona madoa ya rangi ya machungwa, kisha ncha na kingo zimekauka kama zilizounguzwa, ilhali ya juu yangali kijani, ni upungufu wa potashi huo: mti huyanyang'anya majani makuukuu potashi ukayapa machanga. Umanjano ukianzia juu, tafuta sababu nyingine.

Kipimo cha India kwa mnazi mkubwa ni kilo 2 za MOP kwa mwaka. Usizitie kwa mkupuo, maana mchanga wetu haushiki na mvua kubwa huipitisha chini ya mizizi. Tia nusu masika, nusu vuli, udongo ukiwa na unyevu. Itawanye kwenye duara la mita 1.5 hadi 2 kutoka shinani, uifukie kidogo. Ukiirundika shinani itaunguza mizizi. Klorini iliyomo hudhuru tumbaku na parachichi, ila mnazi waipenda. Gunia liweke juu ya mbao, la sivyo unyevu wa bahari utaligandisha kama jiwe.

Makumbi nayo usiyatoe yote shambani. Yana potashi tele, lakini yakiachwa rundo mvuani potashi hiyo huyeyuka ikaenda na maji. Yafukie kwenye mtaro kuzunguka mti.

Kabla ya kununua, chota udongo sehemu kadhaa, kina cha sentimita 30, uchanganye, upeleke maabara. Majibu yakitoka nitumie, tuhesabu magunia pamoja kabla ya masika.

Nduguyo,
Salim