Karatasi ya ruhusa ya bwana iondolewe ku kazi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi mu gazeti lenu niseme juu ya karatasi moja ambayo bado inatembea mu masosiete ya hapa Lubumbashi, ile wanaitaka kwa mwanamke aliyeolewa mbele ya kumupa kazi, eti bwana yake asaini kwamba anamuruhusu. Mutoto wa dada yangu amesoma umeme, alipeleka dosye ku sosiete moja inayotumika na watu wa mungodi, diplome iko, sivi iko, foto ziko, mama wa biro akafungua zote, akaangalia pete ku kidole, akauliza otorizasio ya bwana iko wapi? Kijana waliyesoma naye darasa moja, naye ana bibi na watoto, dosye yake ilipita bila swali. Binti alirudi akaniambia, "Tonton, bwana yangu anaweza kusaini hata leo, lakini mbona ni mimi tu?"

Zamani ilikuwa sheria, hiyo hatukatai. Kode ya familia ya 1987, artikle 448, ilimutaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana mbele ya kusaini mambo ya kisheria. Lakini ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, na artikle ile ile leo inasema bibi na bwana wasikilizane, wote wawili. Sasa kama wakubwa wa personeli wanataka karatasi ya masikilizano, waombe na wanaume walete ya bibi zao, tuone nani atakubali. Njo pale unajua hii siyo sheria tena, ni mazoea.

Na mazoea yetu huku Katanga ni mazito. Ku mashimo ya wachimbaji watu wanasema mwanamke akikaribia madini yanakimbia, basi yeye anabaki kuosha mawe, maji mupaka ku magoti siku muzima, na makuta anayopata ni kidogo kuliko ya yule wa shimo. Watu wa masomo wanacheka ile imani, kumbe biro zao zinafanya vile vile, kwa karatasi na kashe.

Konstitisio ya 2006 artikle 14 inaongea parite, ni kusema usawa wa wanaume na wanawake, sheria ya parite iko tangu 2015, mu 2024 mama Judith Suminwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa inchi hii, mambo yanabadilika na mimi nafurahi sana. Hata mu atelie yetu mafundi walikuwa wanakataa binti wa staji, leo moteri ikiungua wanamuita yeye aibobine, sababu waya anazipanga vizuri kuwashinda.

Ombi langu, inspeksio ya kazi ipite mu masosiete iangalie matangazo ya kazi, pale wameandika otorizasio ya bwana wafute. Na sisi mabwana, bibi akituletea ile karatasi, tusiharakishe kusaini, twende naye ku biro tuombe watuonyeshe kwa maandishi ni sheria gani inaitaka.

Fundi wa umeme,
Komine ya Katuba, Lubumbashi