Mwanangu, tafuta msusi asiyegombana na nywele zako

Mwanangu mpendwa,

Hujambo mama? Sisi huku Dar wazima, baba yako anakusalimia, mdogo wako kila siku anauliza unarudi lini toka huko chuo Dodoma. Ile voisi yako niliisikiliza kwenye daladala nikairudia tena nilivyofika nyumbani, nikaona haya mambo siyo ya kujibu kwa voisi, acha nikuandikie kabisa uwe nayo kwenye simu usome ukiwa umetulia.

Kwanza pole. Mtu umekaa saluni tangu asubuhi, hela yako unayo, halafu unaambiwa mbele ya wateja wengine eti hizi nywele zinavunja vitana, nenda kaweke dawa ya kunyoosha ndo urudi, hiyo inauma sana na nimesikia sauti yako ilivyokuwa. Usirudi pale, na wala usiweke dawa kwa hasira mama, nakuomba. Miezi yote hiyo umevumilia bila dawa, nywele mpya zimeshaota za kushikika, ukiweka dawa sa hivi unaanza moja.

Tatizo liko hivi. Sa hivi unywele wako mmoja una hali mbili. Huku kwenye shina ni zilizoota zenyewe, zimejikunja na zina nguvu, huko kwenye ncha ni za dawa, zimenyooka na zimeshachoka, na pale zinapokutana ndo dhaifu kuliko kote, mtu akipitisha kitana kwa nguvu hapo zinakatika tu. Na nywele zinaota kama sentimita 1 hivi kwa mwezi, mwaka mzima unapata 12 mpaka 15, kwa hiyo kama hutaki kukata zote kwa mpigo hiyo hali utakuwa nayo muda mrefu. Ndo maana nakwambia hayo makopo yote ya Kariakoo unayoniambia nikununulie hayatafanya kitu kama anayekushika kichwa hajui pale mahali palipo. Tupate msusi kwanza, mafuta baadae.

Nikwambie ukweli wasusi wenyewe siwalaumu sana. Watoto wetu wa kike shule nyingi wananyolewa toka darasa la kwanza mpaka wanamaliza, wewe ulinyolewa mpaka fomu siksi, na mlivyomaliza tu nywele zimeota kidogo wenzio wote wakakimbilia dawa na wewe ukaenda nao. Sasa ni lini mngejifunza nywele zenu zikikua zinakuwaje, zinataka nini? Na hao wadada wa saluni wamepita njia hiyo hiyo, kazi wamejifunzia kwenye nywele za dawa, kuosha, rola, draya, basi. Akiletewa kichwa cha nywele za asili anaogopa, na mtu akiogopa kazi anakuwa mkali kwa mteja. Halafu kuna muda, kichwa chako kinamlia muda wa vichwa viwili. Hilo namwelewa kabisa, aseme bei yake ni kubwa zaidi nitalipa, lakini asimsimange mtoto wangu kwa nywele alizozaliwa nazo.

Umeniuliza pia kama dawa kweli ina madhara au watu wanatishana tu. Zile dawa kali zina sodium hydroxide, hiyo ndo kostiki soda, ile ile tunayonunua kwenye kikundi kutengenezea sabuni ya mche, na sisi tukiishika tunavaa glavu na tunageuza uso mvuke usitupate. Zile zilizoandikwa "no lye" zina calcium hydroxide na guanidine badala yake, nazo zinavunja vifungo vya ndani ya unywele ili ukae umenyooka, na zikizidi zinaunguza vile vile, hata yale makopo yenye picha za watoto wadogo wanacheka. Halafu Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo yao, walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, wakakuta wale waliokuwa wanatumia vitu vya kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka makadirio yao ya kupata kansa ya mfuko wa uzazi hadi kufika miaka 70 ni asilimia 4.05, na wasiotumia kabisa ni asilimia 1.64. Utafiti haujasema kila anayeweka dawa ataumwa, na haujathibitisha kwamba dawa ndo inaleta, ni ugonjwa usiowapata wengi. Lakini nikisoma vile halafu nikikumbuka yale magamba uliyotoka nayo kisogoni ile dawa ya mwisho, sioni kwa nini mtu akusukume urudi huko kisa amechoka kuchana.

Sasa sikia anavyofanya huyu mama anayenisuka mimi hapa Temeke. Hana saluni, anasukia barazani kwake. Siku ya kwanza nilimwendea na nywele kama hizo zako, zile za hali mbili, nimefunga kilemba. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya magoti yake na kitana hajagusa. Ana kibakuli cha maji kachanganya na kondishena kidogo, anachovya vidole, analowanisha fungu moja tu, mengine kayabana pembeni na vibanio, halafu anaachanisha kwa vidole kuanzia kwenye ncha anapanda taratibu. Akikaribia pale zinapokutana anashika juu yake na vidole viwili, ili anapovuta huku chini nguvu iishie kwenye vidole vyake. Akachukua mkono wangu akaniwekea pale nisikie mwenyewe, juu kuna mikunjo midogo midogo inakwaruza, ukishuka kidogo tu ghafla pameteleza. Akasema hapa ndo tutapalinda mama, mengine yatakuja. Mimi nilitulia moyo pale pale, maana nilijua huyu anajua anachoshika.

Akanisuka kwa uzi mweusi, kama bibi yako alivyokuwa anatusuka Jumapili jioni, na sababu alinipa, uzi unanyoosha nywele bila moto wowote na zile za asili na za dawa zinalala pamoja, hazivutani. Siku nyingine ananipiga twende kilioni, siku nyingine ananisokota tu mbili mbili. Na kila baada ya muda anapunguza ncha za dawa kwa mkasi mkali, ila anauliza kwanza, ananionyesha kwa kidole leo nitoe kiasi hiki, nikisema hapana anaacha. Hivyo hivyo kidogo kidogo mpaka za dawa zikaisha kichwani na mimi sikupitia kipindi cha kujificha.

Huko Dodoma na wewe usiangalie saluni ina vioo vingapi wala kurasa yake Insta ina picha gani, maana picha ni siku nywele zimemaliza kusukwa, haikuonyeshi mteja alivyokuwa analia. Nenda katikati ya wiki wateja wakiwa wachache, kaa pembeni kama unasubiri mtu, angalia mikono. Anachana nywele kavu au analowanisha? Anaanzia ncha au anachomeka kitana kwenye shina na kuvuta? Mteja akikunja uso anasimama au anamwambia vumilia urembo una gharama? Na kitana anakifuta au kinatoka kichwa hiki kinaingia kile, maana mapunye yanatembea hivyo, beba chako na taulo lako na usione aibu. Kisha muulize kabla hujakaa, dada mimi natoka kwenye dawa, unaweza kunisuka bila kunipiga draya? Wengi watasema lazima draya kwanza ndo zisukike. Huyo aliyekwambia lazima bila hata kukushika kichwa muage vizuri ondoka. Akisema ngoja niangalie kwanza, akakushika, akakuuliza mara ya mwisho umeweka dawa lini, huyo kaa naye hata kama anasukia chini ya mwembe. Na hata hosteli uliza, huko kuna wasichana wanasukana vyumbani mikono yao mizuri kuliko saluni nyingi, wengine ndo wanajilipia vitu vya chuo kwa hiyo kazi, mlipe bei yake usimwambie sisi marafiki.

Kuna kitu wanaita kulainisha kidogo. Hapo nakuonya kwa herufi kubwa. Unakaa kuoshwa unaambiwa nakupaka ka-kitu kakulainisha zisukike vizuri, wewe unajua ni kondishena, kumbe ni dawa ile ile wameiacha dakika chache. Ukiona kichwa kinawasha au kinapata moto sema osha sasa hivi, usione haya. Omba kopo ulisome kabla halijafunguliwa, ukikuta hayo majina niliyokuandikia hapo juu kataa. Na zile stimu za keratini zinazotoa moshi unaowasha macho nazo uziache, nyingine ndani yake kuna fomalini, ile ya kuhifadhia maiti.

Kubanwa nako. Ukitoka kusukwa unatafuta panadol, huwezi kulalia ubavu, na kwenye paji la uso vimetoka vipele vyeupe, umebanwa, zifumue hata kama umelipa jana. Nywele za mbele zikivutwa hivyo mwaka hadi mwaka mwisho shina linakufa na hazioti tena. Wewe sukwa rasta kubwa kubwa nyepesi, wiki 6, zikizidi sana 8, halafu zipumzishe. Na msusi mzuri atakukumbusha mwenyewe kuzifumua, hata kama anakosa hela ya kukusuka upya.

Hali ya huko nayo siyo ya Dar. Hapa jasho na unyevu wa bahari nywele zinapata maji bila kuomba, huko hewa kavu, vumbi, na maji mengi yana chumvi, zinakauka haraka na kukatika pale pale penye udhaifu. Suuza mwisho kwa maji ya kunywa lita moja inatosha, paka mafuta zikiwa bado na unyevu, na usiku funga kitambaa laini. Msusi wa huko aliyezoea hayo maji atajua zaidi yangu, muulize yeye anafanyaje.

Na ukiamka siku ukaona umechoka na hizi hali mbili, ukataka kukata zote ubaki na za asili tu hata kama ni vidole viwili, nenda kwa kinyozi ukate, huhitaji kuniomba ruhusa. Baba yako nitaongea naye mimi. Shangazi yako ameshaanza maneno kwamba Desemba kwenye send-off ya dada yako huwezi kukaa meza ya mbele na nywele hizo, nimemjibu kwamba mwanangu atakaa meza ya mbele na atasukwa na mtu nitakayemchagua mimi, na hakuna atakayeleta dawa nyumbani kwangu siku hiyo. Ameelewa.

Sasa fanya hivi. Msusi wangu ana mdogo wake huko Dodoma anasukia nyumbani, wamefundishwa na mama yao mmoja, namba nimekutumia wasap. Mpigie mchana, jioni anakuwa na wateja, mwambie umetumwa na dada yake wa Temeke, halafu muulize lile swali la draya hata kama ni mtu wa kwetu, nataka usikie atakavyojibu. Mzigo nautuma na basi la kesho asubuhi, ndani kuna mafuta ya nazi, ya nyonyo kichupa kimoja, chanuo la mbao na rola mbili za uzi mweusi. Hela ya kusukia nimeituma pia, ukikuta amezidisha bei niambie niongeze.

Mama yako